Daktari wa Vifaranga Atoa Somo

Semina ilitangazwa kuanza saa tatu asubuhi. Mtaalamu aliingia saa tano na nusu, kavaa miwani ya jua ndani ya ukumbi, nyuma yake kijana kambebea mashine ya kutotolesha vifaranga. Mshereheshaji alimtambulisha kuwa ni Daktari. Wa nini, hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Ndugu wafugaji," alianza, "kabla yangu mimi, bara hili lilikuwa likimsubiri kuku ajiamulie lini ataatamia!"

Wamisri, ambao bara lao ni hili hili, walikuwa wakitotolesha mayai bila kuku tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Aristotle mwenyewe aliliandika jambo hilo. Baadaye matanuri yao ya matofali yalibeba maelfu ya mayai kwa mkupuo. Kipimajoto hawakuwa nacho: fundi aliligusisha yai kwenye kope la jicho, akajua kama moto uongezwe au upunguzwe. Mfaransa Réaumur alipotaka kuupeleka ufundi huo kwao, aliandika kitabu kizima, kikachapishwa 1749. Mtaalamu wetu naye ameandika. Kipeperushi chake kina kurasa nne, mbili zikiwa picha zake.

Nusu saa iliyofuata ilikwenda China. Tuliambiwa kiwanda kilivyompokea, chakula alichokataa, na lifti ya hoteli iliyokuwa na vioo pande tatu.

"Samahani mwalimu," mama mmoja akanyoosha mkono, "umeme ukikatika?"

"Daktari," alimsahihisha. "Na umeme, mama yangu, ni suala la kisera."

Mama akakaa. Alichostahili kuambiwa ni kwamba atafute mashine yenye kuta nene zinazotunza joto, inayokubali pia betri ya volti 12. Na giza likiingia asifungue mfuniko kuchungulia, bali aifunike blanketi bila kuziba matundu ya hewa.

Likaja suala la joto. Mashine yenye feni huhitaji nyuzi 37.5, na kifaranga wa kuku hutoka siku ya 21. Mtaalamu yeye huweka 40, "ili waharakishe." Joto hilo likidumu, kinachoharakishwa ni kifo. Unyevu, ambao hutakiwa kuwa kama asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo, kisha upandishwe hadi 65 au zaidi, aliumaliza kwa sentensi moja: "Na maji, wekeni maji."

"Mashine hii," akaipiga kofi mgongoni, "inabeba mayai 300!"

Kijana wa mstari wa mbele alihesabu vishimo vya trei: 96. Mtaalamu alifafanua, bila haya, kwamba 300 ni ya kware. Wauzaji wengi huhesabu hivyo, na mfugaji wa kuku hugundua akishafika nyumbani.

Kisha akafungua mfuniko, ukumbi mzima uone mayai. Akauacha wazi muda wote alioutumia kusimulia alivyowahi kupewa kiti cha mbele Dodoma. Aliporejea kwenye mada alianza kuyageuza yai moja moja kwa vidole viwili, pete ikimeta, kama kadhi anayehesabu mahari.

"Yana siku ngapi hayo, Daktari?" aliuliza yule mama.

"Kumi na tisa!"

Mayai hugeuzwa angalau mara tatu kwa siku, lakini siku ya 18 ikifika huachwa yatulie: kifaranga anajipanga, mdomo ukielekea chumba cha hewa. Mfuniko nao haufunguliwi ovyo, maana unyevu ukitoroka utando hukauka na kumnasa humo ndani.

"Umeyapata wapi?" Mama hakuchoka.

"Dukani. Mimi huchagua trei ya mayai makubwa, meupe, yanayolingana!"

Ukumbi ulicheka. Hayo ni mayai ya kuku wa kizungu wa mabandani, ambao jogoo hawajawahi kumwona. Kwa hiyo, tuwe waadilifu: siku ile Mtaalamu hakuua kifaranga hata mmoja.

Mashine inauzwa, kwa bei aliyoiita ya semina. Anayeitaka adai iwashwe ikiwa tupu kwa saa 24, aweke humo kipimajoto chake mwenyewe, alinganishe namba, ndipo atoe pochi.