Shati Lililolowa
Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen, ilichapishwa 1813 bila mhusika wake Bwana Darcy kuogelea popote. Elizabeth, mhusika mkuu, anapomkuta nyumbani kwake Pemberley, Darcy anatokea tu upande wa mazizi ya farasi, mkavu, kavaa kamili, na nyuso zinawaiva wote wawili kwa haya. Basi.

Mwaka 1995, BBC ilipoirusha kama tamthilia ya vipindi 6, mwandishi wa mswada Andrew Davies aliona kwamba haya hiyo haitoshi kuijaza skrini. Darcy, yaani Colin Firth, akatumbukizwa bwawani, akaibuka na shati limemganda mwilini. Kwa kweli aliyejirusha majini ni mwigizaji mbadala, na picha za chini ya maji zilipigwa ndani ya tangi la studio, lakini waliokuwa wakihema sebuleni hawakudai stakabadhi. Mwaka 2013 Darcy akapata hata sanamu, ya futi 12, ikichomoza kutoka ziwa la Serpentine, London.

Hakimiliki ya riwaya nzima Austen aliiuza pauni 110. Shati moja la tamthilia hiyo, mnadani 2024, halikupungua pauni 20,000. Kavu.