Sifa za Upupu wa Matumbi

Milima ya Matumbi, huko Kilwa, haina theluji ya kujivunia wala nyumbu wa kupigwa picha. Ina upupu, na ni dhuluma kubwa kwamba hadi leo mmea huu haujapata wa kuusifu.

Vijana wanaotoka Kilwa Masoko mwezi wa saba kwenda kuzunguka vilima vya Kipatimu, humo Matumbi, hupanga kila kitu: maji, mihogo ya kuchemsha, viatu vya kuazima, simu zilizojaa chaji. Wakati ni mwafaka. Masika yamekwisha, njia zimekauka, kusi inavuma na jua lina huruma. Ni wakati mwafaka kwa upupu pia: maganda yake yaliyopinda yamekomaa, na vinyweleo vya rangi ya dhahabu vinangoja bega lipite, au upepo tu.

Kilima cha kwanza hupandwa kwa nyimbo, cha pili kwa kupigana picha. Kwenye bonde la kuelekea cha tatu, aliyetangulia husimama ghafla, hujikuna shingo, hutazama juu, kisha hutamka neno ambalo mama yake hajawahi kumsikia akilisema.

Kazi ya upupu si ya kubahatisha. Vinyweleo hivyo vina kimeng'enya kiitwacho mukunaini, kinachoamsha mishipa ya fahamu ya ngozi bila kuomba ruhusa. Ukijikuna, unavisukuma ndani zaidi na kuvihamisha: shingoni hadi mkononi, mkononi hadi mahali pasipotajika gazetini. Na havibagui. Mkurugenzi na mbeba mizigo hucheza ngoma moja. Wanafunzi watundu walilijua hilo zamani. Viti vya walimu wakali ni mashahidi.

Upupu ni mtunza kumbukumbu pia. Hauna haja na kivuli kizito cha msitu mkubwa. Hupenda kingo za msitu, vichaka na mahame. Ulipojaa, mara nyingi jembe lilishapita. Na huku Kusini mahame hayakukosa sababu. Ilikuwa Nandete, katika milima hiyohiyo, Julai 1905, wenyeji walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima na maakida wa Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na mazao, njaa ikafuata, mashamba yakabaki bila wenyewe. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji nayo ikahamisha watu wengi nchini, ikaacha nyuma miembe na makaburi. Pamba ya akida imekwenda zake. Upupu, ambao hakuna akida aliyeamuru upandwe, ungali pale.

Kuna jambo la kuwanyamazisha hata wenye kinyongo. Mwaka 1937, huko India, watafiti Damodaran na Ramaswamy walipata kemikali iitwayo levodopa ndani ya mbegu za upupu. Miaka 30 hivi baadaye daktari George Cotzias, Marekani, alionyesha kuwa levodopa kwa dozi kubwa inaweza kuwarudishia mwendo wagonjwa wa Parkinson. Mmea unaomfanya mzima atetemeke una dawa ya anayetetemeka! (Hii si ruhusa ya kuzitafuna mbegu zenyewe.)

Juu ya yote, upupu huwajulisha wageni kwa wenyeji. Bila huo wangepita nyumba ya kwanza kwa kupunga mkono tu. Sasa wanapiga hodi, na hata shikamoo yao inatoka na kilio.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmepita kwenye mahame ya nani nyie?"

Kabla hawajajibu, bibi ameshachota majivu jikoni. Wasijikune, wasugue taratibu. Wakati majivu yanafanya kazi, anawaeleza hame lile lilikuwa la ukoo gani na njia ya zamani ilipita wapi. Saa nzima inakwisha, na kilima cha nne kinafutwa kwenye ratiba bila mtu kupinga.

Jioni wanapanda basi dogo lililoshona, abiria wamesimama hadi mlangoni. Konda anaitazama ile mikono yenye majivu, anauliza swali moja tu, kisha anawaonyesha kiti cha nyuma. Abiria waliokuwa wamekikalia wanahama wenyewe, na kiti kizima kinabaki chao mpaka Kilwa Masoko.