Ufunguo wa Wote

Mjini Kalemie, noti ya dola iliyochanika kidogo pembeni haipokelewi. Mwenye duka huiinua kwenye mwanga, huigeuza, kisha huirudisha. Lakini ufunguo wa Windows, herufi na tarakimu 25 zilizokwisha kupita kwenye kompyuta zisizohesabika, fundi huupokea bila hata kukunja uso.

Si ajabu ya Kalemie peke yake: mwaka 2001 ufunguo mmoja wa Windows XP ulivuja, ukazunguka dunia.

Kichekesho ni kwamba tangu Windows 8 ya mwaka 2012, laptopu nyingi zinazotoka kiwandani na Windows hubeba ufunguo wake kwenye bodi kuu. Ukisakinisha upya toleo lile lile, mashine huusoma yenyewe. Hata hivyo mteja hulipa, akapewa ufunguo wa jirani.