Kutoka Joho Hadi Bendera: Mwongozo wa Wakili Mwenye Haraka

Sogea karibu, wakili msomi. Haya hayafundishwi Shule ya Sheria.

1. Tafuta kesi yenye kamera. Mirathi inalipa, lakini haipigwi picha. Tetea wanyonge, bure. Ukishindwa, simama kwenye ngazi za Mahakama Kuu, vua miwani, useme, "Tutakata rufaa." Kuikata si lazima, kuitangaza ndiyo lazima.

2. Rudi kijijini. Ulikipa kisogo tangu kidato cha nne. Sasa usikose msiba. Peleka mchele, kaa mkekani, lia kwa kiasi. Jihadhari na jina tu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu ukarimu wa mgombea, ikaitwa takrima. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema inakiuka Katiba. Kwa hiyo wewe hutoi takrima. Wewe unafiwa sana.

3. Kura zikikataa, fungua Katiba. Ibara ya 55 inataka mawaziri watoke miongoni mwa wabunge. Ya 66 inamruhusu Rais kuteua wabunge wasiozidi kumi. Jimboni ulikuwa na wateja maelfu, kila mmoja na kero yake. Huku mteja ni mmoja. Msifu asubuhi, msifu jioni, msifu hata kwenye rambirambi.

4. Ukipewa wizara, jibu kama wakili wa utetezi. Mbunge akiulizia barabara, anza: "Mheshimiwa Spika, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Katikati weka upembuzi yakinifu. Malizia na "kadri fedha zitakavyopatikana." Hujadanganya, hujaahidi, na Hansard imeandika (Makofi).

5. Kujiuzulu usikuguse. Miaka ya 1970 Mzee Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa makosa ya watu waliokuwa chini yake. Mwaka 1985 akaingia Ikulu. Njia hiyo ipo, ila nauli yake ni aibu, na wewe hukutoka nayo nyumbani.

6. Kuna usiku mkeka utatoka, na safari hii si wa msibani. Jina lako halimo. Utaambiwa utapangiwa kazi nyingine. Usingoje. Fungua ofisi, kung'uta joho. Mteja wa kwanza atakuja kupinga kanuni ulizosaini ukiwa waziri. Mpokee kwa mikono miwili: nani anazijua nyufa zake kuliko aliyezigongea muhuri?

Ada, chukua mapema.