Jinsi ya Kuwasha Boga Bila Kumtisha Bibi

Kila tarehe 31 Oktoba, nyumba nyingi za Marekani huweka mlangoni boga lililotobolewa macho na meno, taa ikiwaka ndani. Ni mapambo ya Halloween, na picha zake siku hizi zinafika Handeni na Korogwe kwa simu kabla hata giza halijaingia. Na ndugu tunao huko Marekani. Wazigua waliochukuliwa utumwani Somalia katika karne ya 19 waliacha vizazi ambavyo vita vya 1991 viliwatawanya tena. Wengine walirudi kwenye asili yao, wakakaa Mkuyu na baadaye Chogo, humuhumu Handeni. Wengine walipokewa Marekani kuanzia 2003, wakafika hadi Lewiston na Columbus, na watoto wao wanaopita mitaa ya huko mwishoni mwa Oktoba wanayaona maboga hayo kila mwaka.

Basi kijana wa Kabuku au Mombo akitaka na yeye kupamba uani, asihangaike kuagiza fuvu la plastiki Kariakoo. Kila kitu kipo nyumbani. Afuate mwongozo huu hatua kwa hatua, akishika masharti mawili: taa iangaze, na isimdhuru mtu.

Hatua ya kwanza: omba boga kwa mwenye jiko

Walioanza mambo haya ni Waairishi na Waskoti, na wao walichonga mizizi migumu ya tanipu, kazi ya kuchosha mikono. Njaa ya viazi ya 1845 hadi 1852 iliwasukuma Waairishi wengi kuvuka bahari, na Marekani wakakuta boga: kubwa zaidi na rahisi kuchimbwa. Boga letu nalo asili yake ni bara hilohilo la Amerika, kwa hiyo halitashangaa likitobolewa macho.

Chagua lililokomaa, kikonyo kikavu, ganda gumu. Kata kifuniko juu kwa kulaza kisu, ili ukikirudisha kikae na kisitumbukie ndani. Chimba nyama kwa kijiko, kisha uparuze upande wa uso mpaka ubaki unene wa kidole, mwanga upate kupita.

Sasa sikiliza vizuri. Nyama yote iende sufuriani, ipikwe na tui la nazi. Mbegu zioshwe, zikaushwe, nyingine zikaangwe na chumvi, nyingine zingoje kupandwa. Handeni inaujua ukame, na anayemwaga boga jalalani ili apate pambo la usiku mmoja hana sifa ya kuendelea na hatua ya pili.

Kama maboga yameisha, papai bichi linafaa. Lina utomvu unaowasha ngozi, kwa hiyo livuje kwanza na unawe mikono kabla ya kugusa macho. Ganda lake ni laini, hata mtoto anaweza kulichonga akisimamiwa. Chonga siku moja tu kabla. Kwa joto letu, boga lililopasuliwa likikaa siku nyingi litatisha kwa harufu.

Hatua ya pili: kopo, msumari na mchanga

Pamoja na boga, tengeneza taa ya kopo. Hapa ndipo ufundi wetu unapowashinda wengi. Mafundi bati wa masoko yetu wamelea vizazi kwa koroboi zilizotengenezwa kwa makopo matupu, na mtoto aliyewahi kumtazama fundi hahitaji darasa refu.

Tafuta kopo la maziwa ya unga. La rangi liache, maana mabaki yake yakipata moto hutoa moshi mbaya. Ukilitoboa likiwa tupu, litabonyea kwa pigo la kwanza. Kwa hiyo lijaze mchanga uliolowa, ushindilie kwa ngumi mpaka usiingie tena, halafu ulilaze juu ya gunia. Chora uso kwa mkaa. Fuata mstari kwa msumari na jiwe, tundu kwa tundu, ukiacha nafasi ya punje ya mahindi kati ya tundu na tundu. Macho yapate msumari mnene, meno yapate mwembamba. Mwaga mchanga, kisha usugue ncha kali za ndani kwa jiwe, kwa sababu huko ndiko vidole vya watoto vitakakoingia.

Washa taa ndani, uligeuze kuelekea ukuta wa udongo. Uso wote utatokea ukutani kwa nukta za mwanga, mkubwa kuliko kopo lenyewe, na ukilisogeza kidogo taya linatembea. Watoto watakuomba ulisogeze tena, na tena.

Hatua ya tatu: moto wenyewe

Ushauri wangu ni mmoja: tumia tochi ndogo ya sola. Koroboi ilitusomesha, na heshima yake ibaki, lakini moshi wake haufai kwa pafu la mtoto. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri wazi kwamba mafuta ya taa yasitumike majumbani, kwa sababu ya moshi wake pamoja na hatari ya kuungua.

Ukishindwa kabisa kupata tochi, mshumaa mfupi ndani ya kopo, nje ya nyumba, mtu mzima akiwa karibu. Usiuweke chini ya paa la nyasi. Usiuweke kwenye njia ya mbuzi. Na usithubutu kufunika taa kwa mfuko wa plastiki: mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, na plastiki inayoungua hudondoka ikiwa inawaka.

Hatua ya nne: ning'iniza kwa katani

Mkonge ulifika Tanga 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba ya Korogwe yamekuwa yakitoa katani kwa miaka mingi. Itakuwa aibu mtu wa Korogwe kutundika taa yake kwa kamba ya nailoni. Funga waya mfupi mdomoni mwa kopo kwanza, maana katani hushika moto, kisha kamba ya katani ianzie juu ya waya. Tundika kwenye tawi la mwembe, juu ya kimo cha mtu mrefu.

Hatua ya tano: piga hodi kwa majirani

Hatua hii hairukwi. Kichwa chenye macho ya moto kikionekana usiku bila taarifa, kijiji hakitalala, na mwenyekiti wa kitongoji ndiye atakayegongewa mlango. Nenda mchana, ukaanzie nyumba ya mkubwa kuliko wote.

"Shikamoo bibi. Leo jioni tutaweka boga lenye macho pale uani. Ndani mna tochi tu."

"Marahaba mjukuu wangu. Na nyama yake mmeipeleka wapi?"

Kama ulifuata hatua ya kwanza, utakuwa na bakuli mkononi.

Lakini lipo jambo ambalo halina mzaha hata kidogo. Kule Marekani mtoto huvaa kofia ndefu nyeusi akajiita mchawi, na watu wakampa pipi. Kwetu neno hilo linaua. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na bado vikongwe wa nchi hii, hasa Kanda ya Ziwa, wameuawa kwa kushukiwa, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu. Macho hayo yaliwashwa na moshi wa kuni, miaka na miaka ya kupikia wengine. Kwa hiyo usichonge sura ya bibi kizee, usimvike mtoto kama bibi kizee, na usiweke taa hii karibu na mlango wa mjane anayeishi peke yake. Chonga mbuzi aliyekasirika. Chonga kondakta anayedai nauli. Chonga refa. Watu watapiga kelele na kucheka, na hakuna atakayelala kwa hofu ya jirani yake.

Hatua ya sita: asubuhi ya Novemba 1

Ganda la boga wape mbuzi. Kopo lisitupwe, lifutwe na kutundikwa jikoni mpaka mwakani.

Tochi ya sola isirudi kabatini. Mitambo ya Hale, wilayani Korogwe, ilianza kufua umeme wa Mto Pangani 1964 ikiwa na uwezo wa megawati 21, na Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukisambaza nguzo tangu 2007. Hata hivyo, nguzo kupita kijijini ni jambo moja, na nyumba kumudu kuunganishiwa waya ni jambo lingine. Muulize mwalimu ni mwanafunzi gani wa mtaani kwako bado anasomea koroboi, umpelekee tochi hiyo jioni hiyohiyo. Kama mlichonga taa kumi, zitafutiwe wanafunzi kumi. Ukifanya hivyo, karibu Halloween Handeni, mwaka huu na mwaka ujao.