Mbuzi Wapo, Kondoo Wapo, Ng'ombe Hakuna

Tovuti ile ya kuuzia mifugo ilizinduliwa kwa soda na karanga. Fundi aliyeitengeneza alisimama mbele ya wenye mali, akaandika "mbuzi" kwenye kisanduku cha kutafutia, wakajipanga mbuzi na bei zao. Akaandika "kondoo", wakaja. Makofi. Kesho yake mnunuzi wa kwanza akaandika "ng'ombe", ukurasa ukabaki mweupe, na mistari miwili ya Kiingereza juu kushoto.

Karani wa zamu alimwambia mtandao unasumbua.

Mtandao ulikuwa mzima. Tovuti huzungumza na kanzidata kwa SQL, lugha iliyozaliwa IBM katika miaka ya 1970, na lugha hiyo huyafungia maneno ya mteja kati ya alama mbili ndogo: 'mbuzi'. Kwenye kibodi, alama hiyo ndiyo ritifaa yenyewe. Kanzidata ya MySQL ikipewa 'ng'ombe' husoma "ng", hukutana na ritifaa, huamini neno limekwisha, kisha hujikwaa kwenye "ombe" lisilo na mwenyewe. Hapo hutoa kosa namba 1064, hutaja kwamba mambo yameharibika karibu na "ombe", na humshauri msomaji aangalie kitabu cha maelekezo kinacholingana na toleo la seva yake. Mtu wa watu ametafuta dume la harusi, anapelekwa maktaba.

Fundi alizima seva akaiwasha. Alijaribu tena kwa "mbuzi", ikakubali, akawajibu wenye mali kwamba kwake inafanya kazi. Malalamiko yakazidi: wateja wa Chang'ombe, Dar es Salaam, hawawezi kujisajili, wa Ng'ambo, Unguja, vilevile, wa Lang'ata na Murang'a huko Kenya ndio kabisa. Mtoto wa darasa la tatu angeyatazama majina hayo manne akacheka. Fundi alishuku minara ya simu.

Alipogundua, alikimbilia dawa ya kienyeji ya mafundi: kutanguliza mkwaju uliolalia nyuma mbele ya kila ritifaa, ili kanzidata ijue kwamba hiyo ni herufi tu. Dawa si mbaya. Bahati mbaya alikuwa amekodi seva ya bei poa yenye toleo la kale la PHP, lugha aliyoandikia tovuti, na PHP ya enzi hizo iliweza kuweka mikwaju hiyo yenyewe bila kuombwa, tabia iliyoondolewa mwaka 2012 katika toleo la 5.4. Dozi ikawa mbili. Bwana Ng'ang'a alijisajili, akajikuta anaitwa Ng\'ang\'a. Akafungua fomu kurekebisha namba ya simu, akahifadhi, mkwaju mmoja ukawa mitatu. Safari iliyofuata ukawa saba, kisha kumi na tano. Jina lake lilikuwa linazaa kuliko mbuzi wake.

Kwa hasira fundi akazifuta ritifaa zote. Sasa mteja alikuwa Nganga kwenye tovuti na Ng'ang'a kwenye kitambulisho, na mhasibu hakukubali kulipa watu wawili kwa fahali mmoja.

Katika hekaheka hiyo hakuna aliyewaza wezi, ingawa tundu lililomkwaza ng'ombe linatosha kumpitisha mwizi. Mwaka 1998 mdukuzi Jeff Forristal aliandika katika jarida la Phrack jinsi mgeni anavyoweza kuandika amri zake mwenyewe ndani ya kisanduku cha kawaida, na seva ikazitii. Tiba halisi ya mwizi na ya ng'ombe ni moja, nayo haina ushujaa wowote: neno la mteja lisishonewe ndani ya amri. Amri hutumwa ikiwa na nafasi tupu, neno hufuata peke yake, na kanzidata hulichukua jinsi lilivyo, ritifaa na yote. Fundi alibadilisha mistari michache, ng'ombe wakatokea.

Nusu yao. Waliobaki walikuwa wameandikwa kwa simu zinazopinda ritifaa kuwa kama kikoma kilichoning'inia juu, na kwa kanzidata hiyo ni herufi nyingine kabisa. Akainyoosha kabla ya kuhifadhi.

Wiki haijaisha, mfugaji mmoja akatangaza dume lake: "Dume zuri", akaweka imoji ya moto, akaendelea, kwa uaminifu wake wote, "ila jicho moja halioni." Majedwali yalikuwa yamewekewa mpangilio ambao MySQL huuita utf8, unaotenga baiti tatu tu kwa kila herufi. Imoji inataka nne. Mpangilio unaoitosha, utf8mb4, ulikuja mwaka 2010. Seva ile ya kale haikulalamika wala kutaja namba yoyote. Ilikata maandishi pale moto ulipoanzia, ikahifadhi "Dume zuri", na mchana mnunuzi akaja na lori.