Mbuzi Anakula?

Ukitaka kujua watu wa Oloipiri wanapenda bustani ya namna gani, usiwaulize habari za maua. Waulize mifugo yao iko wapi. Kule Loliondo mtu hupanda, mbuzi hukagua, na uamuzi wa mbuzi hauna rufaa.

Mimi ni mchora mabango wa Karatu. "Kuku Choma", "Saluni ya Kiume", "Mkopo Kesho": hayo naweza kuyaandika hata nikiwa usingizini. Kwa hiyo kikundi cha akina mama wenye kitalu cha miche Oloipiri waliponiita niwatengenezee lebo, nilipanda gari nikijua naenda kupumzika.

"Kazi ndogo," yeyo mwenyekiti, yaani mama mwenyekiti, aliniambia baada ya salamu ndefu. "Andika jina la mti, basi."

Jina lipi sasa, na la kumpendeza nani? Kitalu kilikuwa na wateja wa kila aina. Walikuwapo watumishi wa Wasso, walimu na wauguzi, ambao kwao bustani ni mistari: maua mbele ya nyumba, mawe yamepakwa chokaa, njia imefagiliwa. Walikuwapo watu wa kambi za watalii, wanaotaka pori lionekane halijaguswa na mtu, ilhali mtunza bustani ameamka nalo tangu saa kumi na moja alfajiri. Wakulima wa upande wetu wa Karatu nao walifika, na hao mti wanauuliza kitu kimoja tu: utazaa lini? Halafu kuna wenyeji wenye boma, ambao walikuwa wakipita, wakitazama, wakiondoka bila kusema neno.

Nikapendekeza kila mteja apate lebo ya kwake. Yeyo aliniangalia huku akipiga hesabu ya rangi kichwani, akakubali kwa shingo upande.

Nilianza na wakulima, kwa kuwa nawajua. Parachichi aina ya Hass iliyobebeshwa huanza kuzaa kwenye miaka 3 hivi, nikaandika hivyohivyo: "Huzaa miaka 3." Kumbe kwa mkulima maandishi ni mkataba. Bwana mmoja alirudi msimu uliofuata ameishika lebo mkononi kwa heshima ya stakabadhi ya benki. Mche ulishakufa siku nyingi. Lebo ilikuwa nzima, inang'aa, na yeye alitaka kujua ile miaka iliyobaki amdai nani.

Watu wa kambi walitaka jina la kitaalamu, lile la maneno mawili ambalo Linnaeus wa Sweden aliizoesha dunia tangu 1753. Kwenye miche ya oltepesi, ule mgunga mwavuli wa kila picha ya machweo, nikaandika kwa herufi za mlazo: Acacia tortilis. Mgeni mmoja mwenye miwani na daftari akanieleza kwa upole kwamba jina hilo limehama. Na ni kweli. Mwaka 2005 wataalamu wa mimea walikutana Vienna wakaamua jina Acacia libaki kwa miti ya Australia, mkutano wa Melbourne wa 2011 ukapigilia msumari, na migunga yetu ikagawiwa majina mapya, Vachellia na Senegalia. Kando yetu alisimama mzee mmoja na fimbo yake, nikamfasiria.

"Jina wamepewa Australia?"

"Ndiyo, mzee."

"Na kijiji kilishirikishwa?"

Nikajaribu kuwatetea wataalamu. Nikasema Australia nao walitupa mgrivea, ule uliojaa kwenye mipaka ya mashamba ya Karatu. Mzee akasema biashara hiyo haikuwa na mashahidi.

Mti uliouzika bila jasho ni olamuriaki, na sifa si zangu. Huo ndio mugariga, uliowaleta watu wa Afrika Mashariki nzima Samunge mwaka 2011, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, kikombe kimoja cha dawa yake shilingi 500, foleni ya magari ikipimwa kwa kilometa. Babu alifariki 2021, lakini mteja akiuona mche huo bado hushusha sauti. Yeyo, mwanamke mwangalifu asiyetaka kesi, akaagiza niandike kwa herufi kubwa: "Kwa uzio tu. Si dawa." Miche ikaisha. Bibi mmoja alinikonyeza kabisa wakati analipa. "Si dawa, eti. Tumekuelewa, mwanangu."

Balaa lenyewe lilikuwa vigingi. Lebo za karatasi zililowa, nikaona bora nikate madebe ya mafuta ya kula, nipake rangi nyeupe, niandike namba nyekundu, na kupigilia kila moja kwenye kigingi mbele ya safu yake. Kazi safi, inasomeka kutoka barabarani. Ila hapa ni Loliondo. Juni 2022 zilipowekwa bikoni kutenga kilometa za mraba 1,500 za ardhi ambayo watu walikuwa wakilisha mifugo, kila mtu huku alijifunza kusoma kitu kimoja haraka kuliko gazeti: kigingi chenye namba. Kabla jua halijapanda wazee walikuwa wamekusanyika kitaluni, wametulia ule utulivu usiofurahisha. Laigwanani, kiongozi wao wa kimila, alianzia mbali. Aliuliza hali ya Karatu, mvua za Karatu, vitunguu vya Mang'ola. Ndipo akanyoosha fimbo.

"Na hizi bikoni, kijana wangu, ni za nani?"

"Za pilipili hoho, baba."

Akawatazama wenzake. Akanirudia.

"Hoho wanachukua mpaka wapi?"

Yeyo alizing'oa zote kwa mikono yake kabla sijamaliza kujieleza. Bati likaenda kuziba banda la kuku, nami nikahamia kwenye plastiki ya chupa za maji, kila lebo imefungwa kwa uzi kwenye shina au kwenye kiriba, isiguse ardhi ya mtu yeyote.

Basi, tukafika kwa mbuzi. Mwalimu mmoja alinunua waridi. Mbuzi akala waridi, akashushia na lebo, yaani mche pamoja na maelezo yake. Mwalimu akadai tuonyeshe waziwazi ni mimea ipi mbuzi hagusi. Nikachora kichwa cha mbuzi kilichopigwa mstari mwekundu, nikaanza na mnyaa, ambao utomvu wake ukiingia jichoni ni kilio. Watumishi waliipenda sana lebo hiyo. Wenye boma waliisoma vingine. Morani mmoja alielewa papo hapo kwamba ni marufuku kupitisha mbuzi, akauliza faini ni kiasi gani. Koko mmoja akasadiki kwamba mti ule unaua mifugo, akawavuta wajukuu zake nyuma. Wa tatu alikuwa na njaa tu; aliuliza supu ya kichwa inauzwaje.

Ikabidi nichore na upande wa pili: mbuzi mnene, anatafuna, macho yamelegea kwa raha. Hilo lilikuwa onyo kwa walimu, kwamba mmea huu utaliwa. Nikaufunga kwenye oltepesi. Wale wazee waliokuwa wakipita kimya siku zote wakasimama. Mmoja akamwita mwenzake kutoka ng'ambo ya barabara.

"Huu mbuzi anakula?"

"Anakula, mzee. Tena sana."

"Na maganda yakidondoka wakati wa kiangazi?"

"Hayo ndiyo zaidi."

Wakanunua. Kumbe kitalu kizima kilikuwa na swali moja, ila mwalimu huliuliza akiomba jibu liwe hapana, na mwenye boma huliuliza akiomba liwe ndiyo. Yeyo alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akaniambia mbegu za oltepesi wanaziokota kwenye samadi ya maboma ya zamani, kwa sababu zikishapita tumboni mwa mbuzi huota kwa urahisi. Kwa hiyo mbuzi ndiye mwanzilishi wa kitalu, na huenda anajiona anakula gawio lake.

Siku hizi lebo za Oloipiri zina jina la Kimaasai, bei, na mbuzi wa aina mojawapo. Herufi za mlazo nimewabakizia watu wa kambi, wanaozilipia. Juzi yule mzee wa mashahidi wa Australia alikuja kuchukua oltepesi nyingine, akachomoa sime, akakata uzi wa kila lebo na kunirudishia rundo zima. Nikamuuliza kama mchoro haujampendeza.

"Mchoro mzuri, ero," akasema, akipakia miche kwenye punda. "Lakini hii plastiki nayo wanakula."